Pangaboi linafanyaje kazi? Maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu injini ya tabopropu

Mimi ni fundi wa ndege, miaka yangu mingi imeishia chini ya pua ya Cessna Caravan, ile ndege ya panga moja mbele inayokuvusha Dar kwenda Unguja kwa dakika 20 hivi, au inayokushusha Seronera, Mafia, Pemba, na kwa wa Nairobi ile inayoondoka Wilson kwenda Mara. Abiria wananiuliza, mashemeji wananiuliza, juzi hadi muuza kahawa kaniuliza, kwahiyo nimeyaweka hapa yote. Mfano wangu ni injini moja tu, PT6A-114A ya Pratt & Whitney Canada, maana ndo ninayoijua mpaka harufu yake. ATR na Q400, zile ndege kubwa zaidi za panga mbili, nitazigusa pale inapobidi.

Hivi tabopropu ni jeti au siyo jeti?

Ni jeti iliyopewa kazi ya kuzungusha panga. Kwenye jeti ya kawaida gesi ya moto inatoka nyuma kwa kasi na ndo inayosukuma ndege. Huku kwetu gesi hiyohiyo kabla haijatoka inakamuliwa nguvu karibu yote na magurudumu ya tabaini (kama vifeni vinavyozungushwa na gesi), ikifika kwenye bomba la moshi ishachoka. Msukumo kidogo wa moshi unabaki ila wa kuhesabia ni ule wa panga. Zile Q400 mbili za Air Tanzania zilipotua 2016 watu walizicheka sana mtandaoni, eti tumenunua pangaboi kama la sebuleni, nami nilikuwa nacheka vilevile ila nawacheka wao, maana ndani ya kila injini ya ile ndege kuna jeti yenye nguvu ya farasi zaidi ya 5,000.

Kuna pistoni ndani?

Hakuna hata moja. Pistoni ziko kwenye vile vidogo kama Cessna 172 na 206: inavuta, inabana, inalipua, inatema, halafu inaanza upya. Tabopropu inafanya yote manne kwa wakati mmoja ila sehemu tofauti tofauti, na moto ukishawaka hauzimi mpaka ukate mafuta. Ndo maana haitetemeki kama bodaboda.

Sasa hewa inaingia wapi na kutoka wapi?

Hapa wengi wanashangaa, kwasababu PT6 imefungwa kinyumenyume. Hewa inaingia kwenye mdomo ulio mbele puani, upande wa kushoto wa kitovu cha panga, inapita pembeni ya injini mpaka nyuma kabisa karibu na ukuta wa rubani, halafu ndo inaingia kwenye injini na kuanza kurudi mbele. Inakutana na kompresa, yaani kibana hewa: safu tatu za vibleidi vidogo vidogo kama vya feni, kisha gurudumu moja kubwa linaloitupa hewa pembeni kwa nguvu. Ikitoka hapo imebanwa karibu mara 7 na tayari ni ya moto kabla hata haijaona mafuta.

Inaingia kwenye chumba cha moto, kimezunguka kama bangili, kina nozeli 14 zinazopuliza mafuta kama ukungu na plagi mbili za kuwashia. Kama robo tu ya hewa ndo inaunguzwa. Hiyo iliyobaki inapita pembeni ya moto kuupoza na kuushika usiguse kuta, maana moto wenyewe katikati una joto ambalo hakuna chuma humo ndani kingelivumilia.

Gesi inatoka hapo inagonga tabaini ya kwanza, ambayo kazi yake ni moja tu, kuzungusha kompresa ile ya mwanzo. Zaidi ya nusu ya nguvu yote ya moto inaishia hapo, yaani injini inajilisha yenyewe kwanza. Kinachobaki kinagonga tabaini ya pili na hiyo ndo ya panga. Moshi unatokea mbele, kwenye Caravan umekusanywa kwenye bomba moja nene upande wa kulia chini ya pua, ndo maana tumbo la ndege upande ule lina masizi kila jioni na kijana wa kuosha ndege hanipendi.

Mzigo wote huo unatoa farasi 675 na haufiki kilo 170. Tafuta injini ya lori yenye farasi hizo halafu jaribu kuinyanyua.

Hizo tabaini mbili si zimeungana na shafti moja?

HAPANA, na hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Hazijaungana. Kati ya tabaini ya kompresa na tabaini ya panga hakuna chuma, hakuna gia, hakuna mkanda, kuna upepo wa moto tu. Umeona kile kifeni cha ukuti wa mnazi ambacho watoto wanakimbia nacho ufukweni? Mtoto hakizungushi kwa mkono, upepo ndo unakizungusha. Basi panga la Caravan ni kile kifeni, isipokuwa upepo wake unatoka kwenye tanuru.

Faida yake utaiona wakati wa kuwasha, stata inahangaika na kompresa peke yake bila kubeba mzigo wa panga. Ukiwa umekaa ndani utasikia injini inalia tayari wiiiii wakati panga ndo kwanza linajivuta kama mtu aliyeamshwa saa kumi usiku. Watu wanadhani ni ubovu. Siyo, ni upepo unalikuta panga.

Zipo tabopropu ambazo kila kitu kiko kwenye shafti moja, kwa mfano injini ya TPE331 iliyoko kwenye ndege ya Dornier 228. Hizo zinaitikia haraka sana ukiongeza moto, lakini kelele zake uwanjani, mh.

Tabaini inazunguka kasi gani mpaka mnahitaji giaboksi?

Kompresa ikiwa asilimia 100 inazunguka mara 37,500 kwa dakika. Tabaini ya panga inapita 33,000. Panga lenyewe haliruhusiwi kuzidi 1,900. Kwahiyo mbele kuna giaboksi ya hatua mbili inayopunguza mzunguko kama mara 17 na nusu.

Kwanini tusilifunge moja kwa moja? Piga hesabu na mimi. Panga la Caravan lina upana wa mita 2.69 ncha kwa ncha, mzunguko mmoja ncha inatembea karibu mita 8 na nusu. Kwa mizunguko 1,900 ncha inakwenda mita 268 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya kilomita 960 kwa saa na ndege bado imesimama uwanjani! Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde. Ncha ikikaribia hapo panga linaacha kuvuta vizuri na linaanza kupiga kelele tu. Ungelifunga kwenye 33,000 ncha ingetakiwa iende zaidi ya mara 13 ya sauti, maana yake lingesambaratika kabla hujamaliza kusoma sentensi hii.

Rubani akiongeza moto panga linazunguka haraka zaidi?

Ukiwa angani kwa kawaida hapana, na hapa hata wanafunzi wa urubani huwa wanakwama. Kuna kitu kinaitwa gavana, kazi yake ni kulibakiza panga kwenye mzunguko uleule uliochaguliwa. Rubani akisukuma mkono wa moto mafuta yanaongezeka, upepo wa tabaini unaongezeka, panga linataka kukimbia, gavana anasema hapana wewe tulia, anazigeuza bleidi zikate hewa kwa pembe kubwa zaidi. Mzunguko haubadiliki lakini kila mzunguko unasukuma hewa nyingi zaidi. Ni kama mpiga kasia, anaweza kupiga mapigo yaleyale lakini akalala zaidi kwenye kasia na ngalawa ikaruka. Kinachopanda kwenye geji ni torki, yaani nguvu ya kusokota panga, siyo mzunguko.

Kinachogeuza bleidi ni oili ya injini yenyewe. Oili yenye presha inasukuma bleidi zije kwenye pembe ndogo, springi na vizito vilivyo mzizini mwa bleidi vinazivuta zirudi pembe kubwa. Ni mvutano wa muda wote, gavana anaongeza au anapunguza oili kidogo kidogo.

Mbona ikiwa imepaki bleidi zimegeuka upande kama zimelala?

Soma jibu la juu tena. Injini ikizima presha ya oili inaisha, springi zinashinda, bleidi zinageuka mpaka zinakaa kiubavu na upepo. Weka mkono nje ya dirisha la daladala, kiganja kikiwa wima unasukumwa nyuma, ukikilaza upepo unapita tu. (Kwa mawazo tu, usije ukasema mimi nimekutuma.) Mtengenezaji alitaka hivyo makusudi: oili ikipotea angani panga lijilaze lenyewe badala ya kugeuka ukuta unaoizuia ndege.

Na ile kamba nyekundu tunayofunga kwenye panga siyo pambo. Upepo wa jioni unaweza kulizungusha panga wakati injini imezima, na hakuna oili yenye presha kwenye beringi, kwahiyo tunalifunga.

Ikishatua kuna ngurumo kubwa ghafla, nini hicho?

Rubani kazirudisha bleidi kinyume. Panga bado linazunguka upande uleule lakini bleidi zimegeuka mpaka zinatupa hewa mbele badala ya nyuma, kwahiyo ndege inajisukuma nyuma. Kwenye kiwanja kifupi cha changarawe hiyo ni breki tamu kuliko breki za matairi. Ubaya wake unajitupia vumbi na kokoto zako mwenyewe, na mimi nikikuta bleidi zina vidonda najua nani alikuwa zamu.

Kuwasha kukoje? Nasikia tiki tiki tiki

Hiyo tiki tiki ni plagi zinapiga cheche, ukiwa umesimama nje karibu utaisikia vizuri. Stata, ambayo ndo hiyohiyo jenereta baadaye, inazungusha kompresa. Rubani anasubiri mzunguko upite asilimia 12 na utulie, ndo anafungua mafuta. Moto unashika, sindano ya joto inaruka juu, macho yote yanakuwa kwenye geji hiyo moja. Wakati wa kuwasha inaruhusiwa kugusa nyuzi 1,090 kwa sekunde 2 basi. Ikifika asilimia 52 inajitegemea, stata inazimwa.

Shida kubwa hapa ni betri. Betri ikiwa imechoka kompresa inazunguka kivivu, hewa ni kidogo, ukifungua mafuta unapata moto mwingi na hewa ya kuupoza hakuna. Asubuhi moja, wapi nisiseme, kijana alikuwa na haraka, abiria wameshapanda, mzunguko umekwama kwenye 10 naye kafungua mafuta. Nilikuwa nje na taulo mkononi, nikasikia ule mlio unavyokuja mzito badala ya mwembamba, nikampa ishara ya kukata. Alikata, akaacha stata iendelee kuzungusha ili kupoza. Sindano ilikuwa imepita 1,000 kidogo. Tulipona, lakini nilikaa kwenye ndoo dakika tano nzima sisemi na mtu.

Inatumia petroli?

Jet A-1, ndugu ya karibu kabisa ya mafuta ya taa. Ndo sababu ya ile harufu kama jiko la mchina la bibi. Haigandi mpaka ifike nyuzi 47 chini ya sifuri. Caravan inakula kama lita 180 mpaka 200 kwa saa. Zile za pistoni nyingi zinatumia avgas, petroli ya ndege ambayo ina rangi ya bluu, na kosa baya kuliko yote uwanjani ni kuijaza ndege ya pistoni Jet A-1. Kwahiyo mdomo wa pampu ya Jet A-1 sehemu nyingi umefanywa bapa na mpana usiingie kwenye tangi la avgas. Bado kila mtu anatakiwa asome maandishi kwenye tangi.

Kwanini mnaimwagia maji injini kila jioni?

Chumvi. Ukifanya kazi Unguja, Pemba, Mafia, ndege inashinda ikipita juu ya bahari chini chini, na chumvi inaganda kwenye vibleidi vya kompresa. Chumvi inapunguza hewa, hewa ikipungua joto linapanda, na mbaya zaidi inakula vyuma vya sehemu ya moto. Kwahiyo siku ikiisha tunaisubiri ipoe, tunaunga mpira kwenye bomba la kuoshea, mafuta yamefungwa, plagi zimezimwa, mmoja anakaa ndani anazungusha kwa stata tu na mwingine anafungua maji yaliyoondolewa madini. Sekunde 30 halafu unaacha stata ipumzike dakika nzima, ukikosea hapo unaiunguza. Maji yanatoka kwenye bomba la moshi yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Siku ambayo yanatoka meupe mapema unajua jana yake watu walifanya kazi yao. Halafu injini inawashwa kidogo ikauke.

Vumbi, mvua, na ndege wenye manyoya je?

Vumbi: kuna vibao kwenye njia ya hewa, rubani anavuta kijiti, hewa inalazimika kukata kona kali. Hewa ni nyepesi inakata, kokoto na maji ni vizito vinapitiliza vinatupwa nje. Inakula nguvu kidogo ila bora hivyo. Mvua haizimi moto kirahisi kwasababu unawaka mfululizo, na kwenye mvua nzito rubani anaziacha plagi zipige cheche muda wote kwa tahadhari. Ndege wenye manyoya wanakutana na panga kwanza, maskini, na mdomo wa injini una kona pamoja na wavu kabla ya kompresa.

Kwanini ndege inayopaa vizuri Zanzibar inaonekana mvivu Wilson?

Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari, hewa ni nyembamba. Pale Unguja rubani akisukuma mkono kinachogota kwanza ni torki, yaani giaboksi ndo inasema basi, wakati injini yenyewe bado ina akiba. Kule juu hewa ni chache, unaongeza mafuta ukitafuta torki ileile na joto linafika kwanza. Mwisho ni nyuzi 805 wakati wa kupaa. Hapo unaacha, hata kama torki haijafika. Ndo maana mchana wa jua kali kwenye viwanja vya juu wanakupima wewe pamoja na begi lako, hawakudharau.

Kwenye ATR niliona injini ya kulia inawaka lakini panga limesimama kabisa, imeharibika?

Haijaharibika. Unakumbuka panga na kompresa havijaungana? ATR wametumia ujanja huohuo, wakaweka breki ya panga kwenye injini ya kulia. Injini inawaka, inatoa umeme na hewa ya baridi, panga limeshikwa na mnapanda kwa amani mlango wa nyuma. Wanaita hoteli modi. Fundi wangu mkuu alikuwa akiona hivyo anasema "angalia, upepo unasukuma ukuta".

Caravan ina injini moja tu, ikizima angani?

Ndege haidondoki kama jiwe, inateleza kama mwewe, na urefu ulio nao ndo muda wako wa kuchagua pa kutua. Rubani analaza panga ili lisivute nyuma, anashusha pua kupata kasi sahihi, anajaribu kuwasha kama urefu unaruhusu. PT6 imejijengea jina la kutokuzima ovyo na hicho ndo kilichofanya mamlaka nyingi zikubali kubeba abiria na injini moja. Mimi mwenyewe napanda na wanangu.

Si bora wangeweka jeti Dar–Zanzibar?

Jeti inapata raha ikiwa juu sana na mbio sana. Safari ya dakika 20 unapanda kidogo unaanza kushuka, jeti ingekunywa mafuta bila kufika kwenye raha yake. Kutupa hewa nyingi polepole kunakula mafuta kidogo kuliko kutupa hewa chache kwa kasi, na panga ndo linalotupa hewa nyingi. Ukipita kilomita 700 kwa saa hivi hesabu inageuka. Q400 inagusa 667, yaani iko ukingoni kabisa.

Inadumu muda gani?

Ya kwetu kila saa 1,800 za kazi inafunguliwa sehemu ya moto kukaguliwa, na kwenye 3,600 inashushwa yote. Katikati tunachomoa nozeli tunapitisha kamera nyembamba kama nyoka tuangalie bleidi. Pia kuna sumaku ndogo ndani ya giaboksi, tukiichomoa tunaipangusa kwenye kitambaa cheupe. Vumbi laini la kijivu, sawa. Kikiwepo kipande kinachong'aa chenye umbo, simu zinaanza kupigwa.

Nani aligundua?

Mhungari György Jendrassik ndo alijenga ya kwanza, Cs-1, ikawashwa Budapest 1940. Waingereza wakairusha tabopropu yao kwenye Gloster Meteor Septemba 1945. PT6 iliruka mara ya kwanza 30 Mei 1961 huko Kanada, imefungwa puani mwa Beech 18 kuukuu, mpaka leo zimetengenezwa zaidi ya 50,000. Wazee waliopanda Fokker F27 za East African Airways walishapanda tabopropu zamani, walikuwa hawajui tu.

Panga likiwa limesimama naweza kuligusa?

Muulize fundi kwanza, na usisimame mbele yake hata kama limezima. Akikuruhusu lizungushe taratibu upande wake wa kawaida. Utashangaa jinsi lilivyo jepesi, halibani kama la pistoni, na ukitega sikio karibu na bomba la moshi utasikia kitu kinavuma kwa mbali huko ndani. Hiyo ni tabaini ya panga, inazunguka mara 17 na nusu kila unapomaliza raundi moja. Kompresa hapo imelala, haijui hata kama upo.